Ibada ya asubuhi kwa mpika vitumbua

Mama Vitumbua, Mbeya: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Saa kumi alfajiri nakoroga unga wa mchele uliokesha ukiumuka, nawasha jiko. Kukipambazuka wateja wa stendi wameshafika. Biblia naigusa usiku, macho yanafumba yenyewe. Nampenda Yesu, sitaki kumpa makombo ya siku. Mnafanyaje?

Mzee wa Kanisa: Mwanangu, sisi Wamoravian tuna kitabu cha Neno la Siku, kilianza kuchapishwa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1731. Andiko moja la Agano la Kale, moja la Agano Jipya. Lisome mafuta yakipata moto, tembea nalo kutwa. Danieli alikuwa na kazi ya serikali, na bado aliomba mara tatu kwa siku (Danieli 6:10).

Muuguzi wa Zamu: Dada, Zaburi 119 ina mistari 176, imegawanyika minane minane. Fungu moja kila zamu. Linanitosha kabisa.

Mama Vitumbua: Shikamoo baba, asante dada. Biashara ikidoda na ada ya mtoto inadaiwa, hapo ndipo imani yangu inayumba. Nimebandika Maombolezo 3:22-23 ukutani, juu ya jiko: rehema za Bwana ni mpya kila asubuhi. Baba, hicho kitabu cha Neno la Siku nakipata wapi hapa Mwanjelwa?