Bugaluu za enzi za kampasi: namna ya kuzitoa kwenye jinzi ya kawaida

Mwana_Katuba
Jambo kwenu wote. Kuna sherehe ya wanafunzi wa zamani hapa Lubumbashi, na vijana wanataka kuvaa pattes d'éléphant, yaani bugaluu, suruali zinazopanuka chini, kama wakubwa wao wa miaka ya 1970. Jinzi za mitumba tunazo, zile zilizonyooka. Tunazipanuaje chini zisipinde, na upana upi ndio wenyewe wa wakati ule? Wasichana nao wavae hizohizo?

Fundi_SokoKenya
Ndugu, anza na jinzi inayobana mapajani. Iliyo pana tangu juu itakupa gunia tu. Mwenye suruali aivae pamoja na viatu vya siku hiyo, umpigie alama ya chaki chini kidogo ya goti. Fumua pindo, halafu mshono wa nje mpaka kwenye alama. Wa ndani uache: kwenye jinzi nyingi umekunjwa na kupigwa uzi mara mbili, kuufumua ni kuchana kitambaa.

Tuseme umefumua sentimita 42. Weka ndani ya mpasuko pembetatu ya kitambaa yenye sentimita 20 chini: mguu wa mzunguko wa 40 unafika 60, na kiatu kinafunikwa karibu chote. Ongeza sentimita 1 na nusu ya mshono kila upande na 3 za pindo.

Wengi wanaharibu kazi kwa kukata chini kwa rula. Mbavu za pembetatu zina 42 lakini katikati inabaki kama 41 hivi, kwa hiyo pindo linapanda pale katikati. Funga chaki kwenye uzi wa sentimita 42, bana ncha ya juu, chora upinde, ndipo upime pindo kutoka kwenye upinde huo.

Kitambaa cha pembetatu kifuliwe kwanza. Jinzi ya mitumba imeshasinyaa, kile kipya bado. Kikifuliwa baadaye kitavuta mguu wote juu.

Yaya_Makasi
Fundi amesema vizuri, ila pembetatu upande mmoja inafungua mguu kwa nje tu. Kwa picha inatosha. Mkitaka suruali yenyewe, shoneni upya kwa tergal, kitambaa cha poliesta, maana suruali nyingi za wakati ule zilitoka kwa fundi cherehani. Kitambaa cha upana wa mita 1 na nusu, mita 1.30 inamtosha mtu wa urefu wa wastani.

Hesabu yake ni hii: goti 44, chini 60, tofauti 16. Kila mguu una vipande viwili, yaani kingo nne, basi kila ukingo unapanuka 4. Ukiweka 8 upande mmoja wa kipande, mstari wa pasi hauendi tena katikati ya mguu, na suruali inajizungusha mtu akitembea. Watu wanalaumu kitambaa bure!

Na pasi ya makaa isiguse tergal moja kwa moja, inayeyusha. Tandika kitambaa chenye unyevu juu yake.

Mzee_Kamalondo
Kuhusu wasichana: hapana, ikiwa mnataka kampasi ya kweli. Chuo chetu cha Lubumbashi kilikuwa kampasi ya UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kuanzia 1971 hadi 1981, na katika siasa ya authenticité ya Mobutu, ya kurudi kwenye asili ya Kiafrika, wanawake walikatazwa suruali na mawigi. Wavae kitenge, blauzi na kilemba. Wavulana msiwafunge tai: tai na koti la kizungu vilipigwa marufuku, abakosti, koti lisilovaliwa na tai, ikachukua nafasi. Nawasihi mlishike hili, kwa sababu vijana wengi wanachanganya picha za Marekani na historia ya hapa kwetu.

Mwana_Katuba
Aksanti sana, wakubwa. Tumejaribu mguu mmoja: ncha ya juu ya pembetatu inajikunja. Na pindo tulifanyeje, na vumbi hili jekundu?

Fundi_SokoKenya
Ncha inajikunja kwa sababu mmepitisha mshono mpaka ukingoni. Simamisha mashine pale mpasuko unapoishia, sindano ikiwa ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani, geuza, teremka upande wa pili. Kabla ya hapo piga mbavu za pembetatu kwa mkono, kwa nyuzi ndefu, kwani zimekatwa mshazari na zinavutika. Sindano namba 100, kwa mashine ya miguu au ya umeme. Mshono mnene ugonge kwa nyundo kwanza, la sivyo sindano inakatika.

Pindo la upinde halikunjwi mara mbili kwa 3, litafanya mawimbi. Punguza hadi 1 na nusu, au shonea utepe wa mshazari. Nyuma liwe chini ya mbele kwa sentimita 1, na lisiguse ardhi: acha sentimita 1 kutoka sakafuni, kiatu kikiwa mguuni. Ndani, kwa nyuma, weka talonnette, ule utepe mgumu unaopokea msuguano wa kisigino. Ukichakaa unafumua na kubadilisha utepe peke yake, suruali inabaki nzima.