Takwimu za wanachama wa chama cha taaluma: jinsia, umri, ulemavu. Nyie mnakusanyaje?

katibu_tawi_tanga: Habari za jioni wadau. Mimi katibu wa tawi la chama cha wahandisi huku Tanga, makao makuu wametaka tuwapelekee wanawake wangapi, vijana wangapi, wenye ulemavu wangapi, nikaandaa fomu nikairusha kwenye grupu la WhatsApp, weee moto ukawaka. Mmoja anasema mnataka kutugawa, mwingine ananifata inboksi anasema akijaza kuwa ana ulemavu kazi za bandarini atazisikia tu. Halafu mjumbe wa kamati anataka tuongeze dini na kabila. Mimi naona umuhimu wake maana kwenye vikao sura ni zile zile za mjini, Lushoto na Handeni siwaoni. Nianzie wapi?

bi_chumbageni: Kaka dini na kabila achana navyo kabisa. Sensa yenyewe ya taifa haijauliza hayo tangu ile ya 1967, sembuse tawi. Na sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, afya ya mtu, dini yake, asili yake, hizo ni taarifa nyeti, huzikusanyi kwa sababu tu mjumbe kapenda, mwenyewe lazima aridhie na ajue zinaenda kufanya nini. Fomu isiwe na jina wala namba ya simu. Na huyo wa inboksi mwambie Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na asilimia 3 wenye ulemavu, ila hofu yake ni ya kweli, usimlazimishe.

mzee_wa_ngamiani: Uingereza msimamizi wa mawakili anazitaka ofisi zao zikusanye takwimu hizi kila baada ya miaka 2, na kuna kisanduku cha "sipendi kusema". Kiweke na wewe. Halafu mwanangu, tawi dogo kama lenu ukiandika "mwanamke, chini ya miaka 30, Pangani" hata bila jina watu wote washamjua. Vikundi vidogo viunganishe kabla hujatuma.

injinia_dada: Mie nasema ukihesabu waliopo tu hujajua kitu. Hesabu kwa hatua. Wasichana wangapi wamejisajili kama wahandisi wahitimu, wangapi wamemaliza ile miaka 3 ya mafunzo kazini, wangapi wamefika mhandisi mtaalamu, wangapi wako kwenye kamati. Hapo ndo utaona tunadondokea wapi, na ukishaona uliza kwa nini, maana kikao mnaweka saa 12 jioni Raskazone, ghorofani, lifti hakuna, mwenye mtoto mchanga anakujaje? mwenye magongo je? wa Lushoto analala wapi? Na ulemavu usiulize "una ulemavu ndiyo/hapana", wengi watakataa, uliza kama sensa ya 2012 na 2022, unapata shida kuona hata ukivaa miwani, kusikia, kutembea, na shida kiasi gani. Inaniuma sana hii, wenzangu niliosoma nao wameacha fani kimya kimya na hakuna daftari linaloonyesha.

katibu_tawi_tanga: Asanteni sana, ile fomu naifuta leo, natengeneza isiyo na majina na nawaandikia kabisa takwimu zinaenda wapi. Dada hilo la hatua limenigusa. Sasa hao walioacha kulipa ada nawapataje, namba nyingi kwenye daftari hazipatikani tena, kuna aliyewahi kuwatafuta kupitia vyuo walikosoma?