Nataka kufunga skana ya redio kwenye gari, mke wangu hataki. Naombeni ushauri

Mwana_Tandika (Jumanne, saa 5 usiku)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni dereva wa teksi ya mtandao, kazi yangu kubwa ni abiria wa usiku wa uwanja wa ndege. Nimekulia Tandika. Marehemu baba alikuwa na redio ya masafa mafupi, na kila usiku alikuwa anazungusha kitufe taratibu, anapita kwenye mikoromo na miluzi mpaka itokee sauti ya mtu, halafu ananiambia, "Huyo yuko mbali, sikiliza." Mapenzi yangu ya redio yalianzia hapo, hayajawahi kuisha.

Mtoto wa baba mkubwa anaishi Marekani. Kule kusikiliza polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa ni burudani ya watu wengi, na upo mtandao wa Broadcastify unaorusha mawasiliano hayo. Alinionyesha, nikanogewa. Nikiwa nasubiri abiria nasikiliza zimamoto wa mji ambao sitafika, wanapanda ngazi kumtafuta bibi kizee ndani ya moshi, na anayeongea ametulia kabisa. Utulivu ule ndio unaonivuta. Sitafuti umbea.

Mwezi uliopita kaka alikuja likizo akaniletea skana ya mkononi, redio inayopekua masafa yenyewe mpaka inase mtu anaongea. Hairushi, inapokea tu. Usiku wa kwanza nimeegesha Vingunguti, kando ya Barabara ya Nyerere, ikanasa rubani anaongea na mnara wa kuongozea ndege. Akaruhusiwa kutua. Nainua macho, taa zake hizo zinashuka juu ya mabati ya watu. Wakuu, nilisisimka mwili mzima.

Sasa nataka kuifunga kwenye dashibodi, antena juu ya paa, niwe nasikiliza huku naendesha. Ndege, na ikiwezekana polisi na zimamoto wa hapa kwetu, nijue pia wapi kuna ajali nisiingie kwenye foleni. Mke wangu anasema nitaishia mahabusu. Je, ni kosa? Na kwa wenye uzoefu, mtu anaweza kuendesha huku anasikiliza vitu hivi?

Naomba kuwasilisha.

Kijana_Temeke

Mkuu, msikilize shemeji. Usimamishwe saa nane usiku na antena juu ya paa na kifaa kinanong'ona sauti za askari, uanze kueleza habari za marehemu baba. Nani atakuelewa?

Wakili_wa_Mtaa

Nijibu upande wa sheria, maana hapa watu wengi hujikwaa kwenye neno moja: "inapokea tu."

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano yasiyokuhusu bila mamlaka ya kisheria, na kuyatoa kwa wengine ni jambo jingine zito juu ya hilo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ina kifungu chake cha kunasa mawasiliano. Sheria haikuulizi kama ulirusha. Inauliza kama yale mazungumzo yalikuwa yako. Pia vifaa vya redio viko chini ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, na kuletewa zawadi na ndugu hakukuondolei wajibu wa kibali. Katiba yenyewe, ibara ya 18, inakupa haki ya kutafuta na kupokea habari, na ibara hiyo hiyo inampa mwenzako haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Zisome zote mbili pamoja.

Usichukue sheria ya Marekani ukaileta Buguruni. Hata huko kwao si huru kama unavyodhani. Kusikiliza nyumbani kwa jumla kunaruhusiwa, lakini jimbo la New York linakataza kufunga kwenye gari redio inayopokea masafa ya polisi bila kibali, ila wenye leseni ya redio ya ridhaa, wale wanaowasiliana hewani kwa kupenda tu, si kwa biashara, wamesamehewa. Minnesota na Kentucky nao wana makatazo ya gari. Sababu yao inaeleweka: aliye nyumbani anasikiliza tu, aliye kwenye gari anaweza kukimbilia tukio au kulikimbia. Uingereza ndiyo kabisa, Sheria ya Wireless Telegraphy ya 2006 inakataza kusikiliza hata ukiwa sebuleni, ndege zikiwemo.

Kwa hiyo polisi wa hapa, futa kabisa. Kwa mambo ya ndege, nenda ukaulize kwanza, uulize kwa maandishi.

Fundi_Mawimbi

Nimetengeneza redio za upepo zaidi ya miaka ishirini, nikuongezee la kiufundi.

Ulichonasa Vingunguti ni bendi ya anga, megahezi 118 mpaka 137. Umeona sauti yake ina mkwaruzo, tofauti na FM ya muziki? Ndege bado zinatumia AM, njia ya kubeba sauti ya zamani kuliko FM, na si kwa uzembe. Kwenye FM wawili wakiongea kwa pamoja mwenye nguvu anammeza mwenzake, mnara usijue kama kulikuwa na mtu wa pili. Kwenye AM unasikia mluzi wa migongano, mwongozaji anajua wako wawili, anawataka warudie. Mluzi ule unaokukera masikioni ndio unaomlinda abiria.

Polisi ni habari nyingine. Duniani kote wanahamia dijitali, tena iliyofungwa kwa msimbo asiyehusika asielewe kitu. Ulaya wanatumia mfumo wa TETRA, Marekani wa P25, na polisi wa New York walianza kufunga chaneli zao kwa msimbo mwaka 2023. Hao unaowasikiliza mtandaoni, mmoja baada ya mwingine watanyamaza.

Halafu skana ina tabia moja ambayo redio ya kawaida haina: inanyamaza. Inanyamaza dakika nne, sita, kisha inalipuka sentensi moja na hairudii. Muziki unaweza kuupuuza ukashika breki. Skana inakufundisha kuisubiri. Nakuuliza kwa nia njema, haijawahi kukutoa barabarani?

Mama_Kimara

Mwanangu, sina utaalamu wa redio. Mpwa wangu aligongwa Barabara ya Morogoro. Sisi nyumbani tulijua kupitia picha iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp, kabla hajaja mtu yeyote kutuambia. Dada yangu aliiona akiwa peke yake jikoni. Mpaka leo akisikia mlio wa ujumbe anashtuka.

Nimesoma uliposema unataka kujua ajali ilipo. Nakuamini wewe hutafuti umbea. Lakini kwenye ile redio askari anataja mtu wa watu, pengine na jina lake, na mama yake bado anasonga ugali. Wewe utakuwa umejua kabla yake. Utamfanyia nini na hilo ulilolijua? Ukikuta ajali piga 112, ukisikia tu hewani huna la kusaidia.

Mpenda_Anga

Mama, pole sana kwa dada.

Mkuu Mwana_Tandika, usiitupe hiyo zawadi, ila ihamishe kutoka kwenye gari. Unachokitafuta kina mlango wake halali: redio ya ridhaa. Maombi yanapelekwa TCRA, na ukipata leseni unapewa herufi zako za kujitambulisha hewani, za Tanzania zinaanza na 5H. Kwetu bendi ya mita mbili, moja ya zile za ridhaa, ni megahezi 144 hadi 146. Kwenye mita arobaini, karibu na megahezi 7, jua likizama unaongea na mtu wa nchi nyingine kwa waya ulioutundika mwenyewe kwenye mwembe. Baba yako angeelewa vizuri sana.

Halafu kuna hili, ambalo ndilo lililoniteka mimi. Kituo cha anga cha kimataifa huteremsha sauti kwenye megahezi 145.800. Kikipita juu ya Dar una kama dakika kumi. Kinapokuja masafa yanakuwa juu kidogo, kinapoondoka yanashuka, yapata kilohezi tatu na nusu kila upande, kwa sababu ya kasi yake. Unafuata kwa kidole, taratibu, kama vile mzee alivyokuwa anafanya. Usiku niliomsikia mwanaanga anaongea na watoto wa shule, nilikaa darini mpaka alfajiri. Gari halikuhitajika.

Tahadhari moja: asikushauri mtu ununue zile redio za mkononi za bei rahisi zinazorusha. Kidole kikiteleza umeingia kwenye masafa ya watu wa dharura.

Mwana_Tandika (Jumatano, saa 4 asubuhi)

Wakuu, sijalala vizuri.

Fundi, umeuliza swali ambalo sikuliandika kwenye uzi na nilijua kwa nini siliandiki. Wiki iliyopita nilikuwa nimeiweka kiti cha pembeni. Nakaribia mataa ya Buguruni, rubani akaanza kuongea, nikainamisha kichwa nimsikie. Ilikuwa nyekundu. Nilisimama bodaboda akiwa mbele ya boneti, nyuma amebeba mama mwenye mtoto mgongoni. Hakuna aliyeguswa. Yule mama aliniangalia tu, hakusema neno. Mke wangu sijamwambia.

Mama Kimara, shikamoo. Lile la jikoni limeniingia.

Mama_Kimara

Marahaba mwanangu. Mwambie mkeo leo, kabla hujatoka kwenda kazini.

Fundi_Mawimbi

Ahsante kwa kusema. Sasa usiifunge kokote. Toa betri, isikae ndani ya gari hata imezimwa, maana utaiwasha.

Mwana_Tandika (Jumapili)

Mrejesho. Nimemwambia. Alilia, kisha akaniuliza ile redio ya baba iko wapi. Iko kwa shangazi Mbagala, haiongei, Fundi nitakutafuta kwa ujumbe binafsi. Skana iko kabatini bila betri. Kesho naenda TCRA, Mawasiliano Towers, na barua mbili, moja ya kuuliza kuhusu hicho kifaa, nyingine ya kuomba utaratibu wa leseni ya ridhaa. Mpenda_Anga, niende na skana yenyewe au picha inatosha?

Mpenda_Anga

Anza na picha na jina la modeli, uonyeshe na pande zote za lebo. Waombe wagonge muhuri kwenye nakala yako ya barua.