Mke raia wa Kanada, mume yuko kwa viza ya matembezi: tuombe ukaaji kwa njia ya ndani au ya nje?

MtoRuvu

Wakuu, habari za humu. Niko Ontario kwa mke wangu, ambaye ni raia wa huku. Ndoa ni ya bomani, Dar, na cheti tunacho. Niliingia kwa viza ya matembezi. Waligonga muhuri tu bila kuandika tarehe ya kutoka, na imebaki kama miezi miwili itimie sita. Tunataka kuomba ukaaji wa kudumu nikiwa hapahapa. Je, tuombe kwa njia ya ndani ya nchi au ya nje? Wakati wa kusubiri naruhusiwa kufanya kazi? Mama yangu anaumwa Morogoro, nikilazimika kwenda inakuwaje? Halafu nina binti wa miaka 9 anayeishi na mama yake, hana mpango wa kuja. Kuna haja ya kumtaja? Niliwahi pia kufanya kazi Nairobi karibu miaka miwili, sijui kama inahusu.

Mzee wa Fomu

Mkuu, anza na swali la mama, maana ndilo linaloamua njia.

Njia ya ndani inataka mwombaji aishi na mdhamini wake (kwako ni mkeo) hapo Kanada mpaka mwisho. Hakuna anayekufunga miguu usisafiri, ila ukizuiwa kurudi maombi yanakufia mkononi, na Mtanzania harudi Kanada bila viza. Njia ya nje haina sharti hilo. Jina lisikutishe: unaiomba ukiwa umekaa sebuleni kwako Ontario.

Kuna suala la rufaa pia. Maombi ya njia ya nje yakikataliwa, mdhamini ana siku 30 za kukata rufaa kwenye Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji, na kule wanaweza kusikiliza ushahidi mpya wa ndoa yenu. Ya ndani haina rufaa hiyo. Kinachobaki ni Mahakama ya Shirikisho, ndani ya siku 15, na jaji anaangalia tu kama afisa alifuata sheria na uamuzi wake una mantiki. Hapo bila wakili usijaribu.

Zamani watu walikimbilia njia ya ndani kwa sababu ya kibali cha kazi. Tangu 2023 hata aliyeomba kwa njia ya nje anaweza kukiomba, mradi anaishi Kanada na mdhamini wake kwenye anwani moja. Kwa mtu mwenye mzazi mgonjwa nyumbani, sioni sababu ya kuchagua ya ndani.

Mkihamia Québec mambo yanabadilika, kule jimbo lina cheti chake cha uteuzi na utaratibu wake.

DadaMvita

Kaka, tenganisha vitu vitatu: maombi ya ukaaji, uhalali wako wa kuwepo, na ruhusa ya kazi. Kila kimoja kina fomu yake.

Maombi ya ukaaji peke yake hayakuongezei hata siku moja. Muhuri usio na tarehe maana yake ni miezi 6 tangu siku uliyoingia, kwa hiyo hesabu yako ni sahihi. Tuma IMM 5708, fomu ya kuongeza muda wa matembezi, mtandaoni, ada dola 100 za Kanada, angalau siku 30 kabla muda haujaisha. Ukishaituma kwa wakati, unaendelea kuwa halali kwa masharti yaleyale hadi wakujibu, hata kama jibu litakuja baada ya ile miezi 6. Ukitoka nje ya nchi katika kipindi hicho, ulinzi huo unakatika. Ukipitisha tarehe, una siku 90 tu za kuomba kurudishiwa uhalali, na utalipia.

Kazi: subiri barua ya IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada, ya kuthibitisha wamepokea maombi ya ukaaji, ile wanayoiita AOR. Ukishaipata, jaza IMM 5710, fomu ya kibali cha kazi. Ada ni dola 255, yaani 155 za kibali na 100 za kutofungwa kwa mwajiri mmoja. Wengi wanaharibu hapa: wewe ni mgeni wa matembezi, kwa hiyo huanzi kazi mpaka kibali chenyewe kitoke. Risiti haitoshi. Hata kazi ya kulipwa mkononi inahesabika, na baadaye fomu itakuuliza kama uliwahi kufanya kazi bila ruhusa.

Angalia pasipoti pia. Kibali hakivuki tarehe ya pasipoti kuisha. Kama imebakiza mwaka, ishughulikie kwanza kupitia ubalozi wenu Ottawa, la sivyo utapewa kibali cha mwaka wakati ungeweza kupata cha miwili. Na usipande ndege kwenda Morogoro ukidhani kibali cha kazi ni viza. Cha kukurudisha ndani ni viza iliyo hai kwenye pasipoti.

Kijiti

Suala la binti limepitwa haraka na ndilo la hatari kuliko yote. MTAJE. Mtoto aliye chini ya miaka 22 na hajaolewa ni tegemezi wako kisheria, awe anakuja au haji, awe kwa mama yake au kwa bibi. Lazima aandikwe kwenye fomu na apimwe afya na daktari aliye kwenye orodha ya IRCC, hukohuko Tanzania. Ukimficha ukapata ukaaji, kanuni ya uhamiaji ya 117(9)(d) inamtoa kwenye kundi la familia: hutaweza kumdhamini baadaye. Kuna sera ya muda ya kuwalegezea baadhi ya walioachwa hivyo, lakini usijenge nyumba juu ya msamaha.

Ukiamua aje, ada yake ilikuwa dola 175 kwa viwango vya 2024, na mama yake ajaze IMM 5604 ya kuridhia, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Zungumza naye mapema. Akikataa hata mtoto asipelekwe kwa daktari, hifadhi ujumbe na barua ulizomtumia, kisha mweleze afisa kwa maandishi.

Mzee wa Fomu

Naongezea ya makaratasi. Nairobi inahusu. Kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10, tangu ulipotimiza miaka 18, inadai cheti cha polisi. Cha Kenya ni cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi: unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, shilingi 1,050 za Kenya, na alama za vidole zinapigwa kwenye fomu C24. Cha Tanzania kianze leo.

IMM 5669, fomu ya historia yako, inataka maelezo ya miaka 10 mwezi kwa mwezi. Kama hukuwa na kazi, andika hivyo, usiache pengo, maana pengo la miezi miwili linatosha kurudishiwa faili lote. Majina yapangwe sawa na pasipoti. Kama cheti cha kuzaliwa kina jina la babu na pasipoti haina, weka kiapo cha mwanasheria.

Ushahidi wa ndoa: picha zisizidi 20, mawasiliano kurasa 10. Usiwatumie harusi nzima. Mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili au akaunti ya pamoja vina uzito kuliko picha mia. Karatasi yoyote ya Kiswahili itafsiriwe, na mtafsiri asiwe ndugu.

Ada kuu ilikuwa dola 1,205 jumla, na 85 za alama za vidole, kwa viwango vya 30 Aprili 2024. Hupandishwa kila miaka 2, kwa hiyo soma kiwango cha siku unayolipa.

Chausiku_BC

Na mdhamini akikasirika akasema anajitoa?

DadaMvita

Kabla ukaaji haujatolewa anaweza kuondoa udhamini, na maombi yanafungwa. Ukishatolewa hawezi. Lile sharti la kuishi pamoja miaka 2 baada ya kupata lilifutwa 2017, na ahadi yake ya kukutunza inaendelea miaka 3 hata mkiachana. Kama kuna kipigo au vitisho vya "nitakurudisha kwenu", kipo kibali cha muda cha waathirika wa ukatili wa kifamilia, cha kwanza hakina ada. Na akaunti ya maombi ifunguliwe na mwombaji mwenyewe, kwa barua pepe na nywila anazozijua yeye peke yake.