Unajua kabisa nafuga kamba, halafu unaniuzia dawa yenye mrututu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Atakayeona lugha ni kali anisamehe, na asiponisamehe pia leo sijali.

Nina matangi sita madogo ya maji baridi. Mawili ya samaki aina ya gapi, moja la samaki aina ya beta ambaye haelewani na kiumbe chochote, na matatu ya kamba wekundu wadogo. Tangi kubwa la kamba ni lita 40, na humo ndimo nilimokosea kwa kuongeza samaki sita wadogo niliouziwa wiki tatu zilizopita. Niliambiwa ni wazima, wamekaa dukani muda mrefu. Siku ya nne wote wana vidoa vyeupe mwilini kama wamenyunyiziwa chumvi, wanajisugua kwenye mawe.

Nikarudi kwa muuzaji yule yule. Nikamwonyesha picha kwenye simu, na kwenye picha hiyo, nyuma ya samaki, kamba wanaonekana wamejaa kwenye jani. Nikamuuliza kwa mdomo wangu: "Hii dawa haidhuru kamba?" Akajibu bila hata kugeuza chupa: "Weka nusu ya kipimo, hawana shida."

Nikaweka nusu jioni. Asubuhi nikawasha taa.

Kamba akifa hageuki tumbo juu kama samaki. Analala ubavu, ule wekundu unapauka unakuwa kama waridi la maziwa, kama aliyechemshwa. Nilihesabu hadi 60 nikaacha. Kulikuwa na jike mmoja mwenye mayai tumboni, vile vijiguu vya chini anavyopepea mayai vilikuwa bado vinatikisika polepole, huku yeye mwenyewe hawezi kusimama. Konokono nao walijifungia, wengine wameanguka chini. Samaki? Wanaogelea, wanaomba chakula.

Ndipo nikasoma nyuma ya chupa kwa tochi. Maandishi ya ukubwa wa kichwa cha sisimizi: salfeti ya shaba. Mrututu, jamani! Kitu ambacho watu wanatumia kuua konokono.

Najua kuna mtaalamu atakuja kusema nilipaswa kusoma kabla. Sawa, hilo kosa nalibeba. Lakini mimi niliuliza! Mtu anayeuza kamba na dawa kwenye rafu moja hajui kuwa shaba inaua kamba? Ningeambiwa ukweli, ningewatoa samaki sita nikawatibu kwenye ndoo yenye pampu ya hewa na kipasha joto. Kile kijidudu cha vidoa vyeupe hakishambulii kamba, kinahitaji samaki. Tangi likikaa bila samaki wiki kadhaa kinakufa chenyewe kwa njaa. Kazi ya ndoo moja tu!

Na msinianzishie ile ya "mbona chakula cha kamba kina shaba". Kipo kiasi kidogo sana, na damu yao inakihitaji kubeba oksijeni. Iliyoyeyushwa majini inaingia moja kwa moja kwenye mashavu, hayo ni mambo mawili tofauti.

Nilipompelekea chupa, utetezi wake ukawa "maji yako mabaya, tangi halijakomaa". Tangi lina zaidi ya mwaka! Nilipima asubuhi ile ile: amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati 10, yaani maji hayana shida. Nikamwonyesha. Akasema basi kamba ndivyo walivyo, wanakufa tu. Wanakufa tu! Hawa walianza 10, wakazaana wenyewe bila mimi kufanya lolote zaidi ya kubadilisha maji kidogo kila wiki na kuwafungia sponji kwenye filta ili watoto wasinyonywe.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba wakati nazungumza naye, kijana mmoja pembeni alikuwa anauziwa tangi la lita 8, samaki watano na kamba, vyote siku hiyo hiyo aende navyo. Bakteria wa kula amonia wanahitaji kama mwezi hivi kujijenga, na lita 8 zikiharibika zinaharibika ndani ya usiku mmoja. Nilimvuta pembeni nikamweleza. Muuzaji akanitoa nje.

Sasa nimebadilisha maji nusu mara tatu na nimeweka mkaa wa kuchujia. Matangi mengine mawili ya kamba yamepona kwa sababu moja tu: wiki ile bomba la kunyonyea uchafu lilikuwa limepasuka, sikulihamisha kutoka tangi moja hadi jingine.

Ninachotaka kujua kwa aliyewahi kupitia hili: changarawe iliyonyonya shaba inasafishika, au niitupe yote pamoja na sponji za filta? Nasikia inaachia sumu taratibu kwa miezi. Naomba majibu ya waliojaribu wenyewe, siyo ya wauzaji.