Gari limechemka Kitonga, na fundi anasema aliyechemka ni mimi

Mkwe Mtiifu: Wakuu, heshima kwenu. Ninaandika haya nikiwa Ilula, nimekalia ndoo iliyopinduliwa katikati ya wauza nyanya, mikono inanuka kulanti, na moyo wangu una joto ambalo hakuna rejeta iliyotengenezwa duniani inayoweza kulipoza. Fundi mwenyewe mnamfahamu, sina haja ya kumtaja: ni yule mwenye kalamu sikioni ambayo haijawahi kuandika risiti, na ambaye kila mteja humwambia "hii ni kazi ndogo" kabla hata boneti halijafunguliwa.

Wiki iliyopita alinibadilishia pampu ya maji pamoja na rejeta. Themostati, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, aliitoa na kuitupa, kwa maelezo kwamba iliwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani na kwamba hapa Dar es Salaam inakula nafasi bure. Alijaza maji mpaka mdomoni, akafunga mfuniko, akawasha injini kwa muda wa kumeza tonge moja, akazima, akasema gari ni zima na ninaweza kwenda nalo popote. Nami nikaenda popote. Nilimpakia mama mkwe, nikamwahidi kumfikisha Iringa kabla ya jua kuzama.

Mpaka Mikumi mshale wa joto ulitulia. Tulipoipita Ruaha Mbuyuni na kuanza kuipanda Kitonga nyuma ya lori lililokuwa likienda kwa mwendo wa bibi harusi, mshale ulipanda, ukashuka ghafla, ukapanda tena, kama simu inayotafuta mtandao. Nikafungua hita ili ipunguze joto la injini, nayo ikanipulizia ubaridi wa jokofu. Injini inatokota na hita inatoa baridi! Hata kijana aliyeanza kazi gereji jana angejua kwamba hewa imenaswa ndani na kwamba maji hayazunguki. Nikaegesha. Mvuke ulikuwa mzito kiasi kwamba malori yaliyokuwa yakishuka yaliwasha taa.

Nikampigia simu. Kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi, niliweka sauti ya nje, mama mkwe akiwa pembeni na utingo wawili wakiwa wamekuja kutazama. Nilimweleza kila kitu kwa adabu. Akanyamaza, nikamsikia anatafuna, kisha akasema kwa upole kabisa: "Bosi, gari halijachemka. Aliyechemka ni wewe."

Aliyechemka ni mimi! Utingo walishikana mabega. Mama mkwe, ambaye katika miaka sita ya ndoa yangu sijawahi kumwona akicheka mbele yangu, alicheka mpaka akaomba kiti. Sasa hivi yuko pale kwenye meza ya nyanya anaihadithia kwa mara ya tatu, na muuzaji amempunguzia bei.

Naomba mnieleze, nilichemka wapi? Ni mimi niliyeitupa themostati? Ni mimi niliyefunga mfuniko kabla hewa haijatoka? Alikuwa anatafuna, wakuu. Alikuwa anatafuna wakati ananiambia nimechemka.

Gia ya Pili: Pole, mkuu, lakini kwa hili ninasimama na fundi. Mtu anayechukua gari lililofunguliwa mfumo mzima wa maji na kulipandisha Kitonga bila kulijaribu hata mpaka Kibaha, tena akiwa na mama mkwe ndani, ana jina lake, na jina hilo umekwisha kulisikia kwa sauti ya nje.

Spana Kumi na Nne: Tumwache mama mkwe kwanza. Injini ikiwa imepoa kabisa, egesha gari pua ikielekea mlimani, fungua mfuniko, weka hita kwenye joto la mwisho, kisha washa injini na uiache huku ukiminyaminya mpira wa juu wa rejeta na kuongeza maji kila yanaposhuka, mpaka feni iwake na kuzima mara mbili na hita ianze kutoa moto wa kweli. Kama mapovu yanaendelea kutoka bila kukoma, au mpira wa juu unakuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi asubuhi, basi hiyo si hewa iliyobaki. Ni gesi ya silinda inayopenya gasketi ya hedi, yaani kile kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku, na kuingia kwenye maji. Angalia pia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiliwashe tena. Na themostati irudishwe. Nyingi hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 90 hivi, na katika injini kadhaa ndiyo inayofunga njia ya mkato maji yakipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta.

Mkwe Mtiifu: Ahsante, mkuu. Oili ni safi. Lakini hukusema lolote kuhusu lile neno lake. Angesema samahani, ningeelewa. Alisema ni mimi.

Binti wa Kimara: Kaka, wewe umetukanwa mara moja. Wa kwangu aligeuza nyaya za feni baada ya kubadilisha rejeta, ikawa inapuliza kwenda mbele badala ya kuvuta hewa kuja ndani. Barabarani gari lilikuwa sawa kwa sababu ya upepo, lakini kwenye foleni ya Ubungo lilikuwa linapika. Nililirudisha mara nne, na mara zote aliniambia wanawake tunapenda kuangalia dashibodi kupita kiasi. Niligundua mwenyewe kwa karatasi: unaiweka mbele ya rejeta feni ikiwa inazunguka, na kama inaruka badala ya kunata, umeshapata jibu.

Gia ya Pili: Dada, wewe hukuchemka. Heshima yako.

Mzee wa Mazeras: Nyinyi mnalia na hewa na nyaya. Huku Mombasa nilitiliwa rejeta mpya kabisa, kisha fundi akaijaza maji ya kisima yenye chumvi. Baada ya miezi michache ilikuwa imejaa magadi ndani. Nilipoanza kuvujiwa, akaniwekea ute wa yai. Gari langu likawa linanuka kimanda kila nilipopanda Mazeras.

Spana Kumi na Nne: Ute wa yai na unga wa manjano huziba tundu, mzee wangu, na huziba pia vijia vyembamba vya rejeta ambavyo havikuwa na kosa.

Mzee wa Mazeras: Manjano hayana neno. Marehemu baba aliyatumia kwenye lori lake.

Binti wa Kimara: Shikamoo, mzee wangu, lakini lori la zamani lilikuwa na vijia vya kupitisha kidole. Afadhali yai lako kuliko mfuniko niliouziwa mimi. Baada ya kurekebisha feni, maji yaliendelea kutapika kwenye chupa ya akiba, kumbe mfuniko ulikuwa wa gari jingine na haukushika mgandamizo. Ukishika baa 1, maji huchemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100.

Spana Kumi na Nne: Na huko Iringa, kwenye zaidi ya mita 1,500, maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Mkwe Mtiifu: Wakuu, nakumbusha kwamba uzi ni wangu. Mama mkwe ameanza kuihadithia mara ya nne, na sasa ameongeza kwamba nililia.

Gia ya Pili: Ulilia?

Mzee wa Mazeras: Mwacheni kijana. Binti, huo mfuniko mpya ulionunua umeandikwa 0.9 au 1.1? Wangu maandishi yamefutika.