Ushauri: filamu ya 1934 itawafaa wazee Jumamosi hii?

Dada wa Zamu: Wakuu, habari zenu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku Lancashire, Uingereza. Jumamosi ni zamu yangu kuwachagulia filamu, na nataka kuwawekea *Sing As We Go* ya Gracie Fields, yule mwimbaji na mwigizaji wa zamani. Vichekesho na nyimbo, haina rangi. Itawafaa? Sina amani, hata usingizi sipati.

Mzee wa Reli: Itawafaa mno. Gracie ni mtoto wa Rochdale, hukohuko kwenu. Kiwanda cha pamba kinafungwa, binti anapanda baiskeli mpaka Blackpool kutafuta kibarua, mwisho anawaongoza wenzake kurudi kiwandani wakiimba. Hadithi ni ya mwandishi J. B. Priestley, na miaka hiyo watu wa viwanda vya nguo walikuwa wanasota kweli. Sisi Morogoro kiwanda chetu kilipofungwa, kila mtu alirudi kwao kimyakimya.

Mama Watatu: Filamu tu ndiyo ikunyime usingizi? Kuna kitu hujasema.

Dada wa Zamu: Ni kweli, mama. Kuna bibi mmoja, mama yake alifanya kazi kiwanda cha pamba. Akisikia wimbo wa filamu hii analia, na usiku halali. Binti yake alikataza asiwekewe, imeandikwa kwenye mpango wake wa huduma. Lakini anayeiomba ni bibi mwenyewe! Wimbo ukianza, vidole vyake vinaokota nyuzi kwenye pindo la blanketi na kuziunga, na anaimba maneno yote. Nimnyime?

Kaka Nidhamu: Kilichoandikwa kimeandikwa. Ukifukuzwa, na kibali chako cha kuishi huko kinakwenda. Fuata kazi, dada.

Mpiga Kasia: Chai hii. Filamu ya 1934, huyo bibi ana miaka mingapi?

Dada wa Zamu: 93. Wimbo alifundishwa na mama yake.

Mpiga Kasia: Na tulipouliza mwanzo mbona ulificha? Stori inaongezeka kila ukibanwa.

Mama Watatu: Mwache. Nimemuuguza mama mkwe mpaka mwisho, alikuwa analia kwa kaswida na ndizo alizozitaka. Zungumza na binti, aje wakae pamoja.

Dada wa Zamu: Kesho nitamwomba meneja ampigie. Ila tangazo nimeshalibandika ukumbini na bibi ameshalisoma. Silibandui.